Rotaveta kwa trekta la zamani: pima trekta kwanza, ndipo uende dukani

Wengi huanzia kwenye rotaveta, ile mashine ya visu vinavyozunguka inayosaga udongo nyuma ya trekta. Mtu anaiona imepangwa nje ya duka, upana wa mita 1.75 au 2, anapiga hesabu ya kumaliza ekari kwa njia chache, analipa, halafu ndipo anauliza kama itafungika kwenye MF 135 (Massey Ferguson) iliyoko nyumbani. Kufungika itafungika. Pini zitaingia, shafti itaingia, hata mikono itainua. Shida inaanza shambani: mita tatu tu moshi mweusi, klachi inanuka, na udongo umekwaruzwa juu kama kuku aliyepita.

Rotaveta si plau. Plau inategemea tairi kushika ardhi na kuvuta. Rotaveta inakula nguvu ya PTO, yaani shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine, tena muda wote, huku trekta likitembea taratibu kuliko mtu mwenye haraka. Kwa hiyo kuuliza "lina HP (nguvu za farasi) ngapi?" hakutoshi. Unatakiwa kujua PTO inatoa nini leo, ni PTO ya aina gani, gia ya chini kabisa inakwenda mwendo gani, na tairi za nyuma zimekaa upana gani. Yote hayo yanapimika nyumbani kwa chaki, futi kamba na simu.

(Hapa tunazungumzia rotaveta ya kufunga nyuma ya trekta la magurudumu manne. Pawatila, lile la kuongozwa kwa mikono, ni habari nyingine.)

Nguvu iliyobaki, si ile ya kwenye kitabu

Namba inayotajwa na muuzaji ni ya injini. MF 135 yenye injini ya Perkins ya silinda tatu ina takriban HP 45 kwenye injini, ila PTO yake ilipokuwa mpya ilitoa kama 37. MF 165 ilitoa kama 50. Ford 5000 ni kati ya 55 na 65, kutegemea mwaka wa kutengenezwa.

Kisha kuna mwinuko, jambo ambalo kwa mikoa yetu halikwepeki. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kama ilivyo, na kila unapopanda mita 300 inapoteza takriban asilimia 3 ya nguvu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa inakaribia 1,600, Njombe inakaribia 2,000, na Makete kuna mashamba yaliyo juu zaidi ya hapo. Bonde la Usangu, yaani upande wa Mbarali na Rujewa, liko karibu na 1,000. Trekta lile lile linalopoteza sehemu ya kumi likiwa Mbarali linapoteza sehemu ya tano likipandishwa Njombe. Ndiyo maana trekta lililosifiwa Rujewa linaweza kufika Makete likatoa moshi bila kosa la fundi yeyote. Pampu ikiachwa na kipimo cha bondeni, kule juu dizeli inakuwa nyingi kuliko hewa.

Ongeza umri. Injini inayowaka vizuri asubuhi ya baridi mwezi Julai, toa asilimia 10. Inayotaka kusukumwa, au inayopumua moshi kwenye bomba la kupumulia oili, toa 20 na uifanyie matengenezo kwanza.

Hesabu ya MF 135 nzima iliyoko Uyole, Mbeya: 37, toa 17 kwa mia ya mwinuko, inabaki karibu 31, toa kumi kwa mia ya umri, inabaki 27 au 28. Hiyo ndiyo uliyonayo mkononi.

Sasa mahitaji. Kwa kina cha sentimita 10 kwenye shamba lililokwisha kulimwa kwa plau, udongo mwepesi wa volkano wa Rungwe na Uporoto unataka karibu HP 20 za PTO kwa kila mita ya upana. Udongo mwekundu wa mfinyanzi wa Iringa na Mufindi unataka 25. Mbuga nyeusi ya Usangu, ikiwa haijaloa, inataka 30 na zaidi. Kwa hiyo MF 135 ya Uyole inabeba mita 1.25, na ikienda Mufindi na rotaveta hiyo hiyo ipunguziwe kina hadi sentimita 7 au 8. MF 165 ni mita 1.5. Ford 5000 yenye afya inafika 1.75, ila ikiwa imechoka ni 1.5, na hakuna aibu. Rotaveta nyembamba inayofanya kazi kwa mizunguko kamili inamaliza ekari mapema kuliko pana inayozimisha injini kila mita hamsini.

PTO: mambo manne ya kukagua

Kwanza meno ya shafti. Matrekta haya ya zamani karibu yote yana shafti ya milimita 35 yenye meno 6, ambayo ni ya mizunguko 540 kwa dakika. Ukikuta meno 21, hiyo ni ya 1,000, na rotaveta ya kawaida haifungwi hapo. Angalia pia kama meno yamelika. Yakiwa yamechongoka kama msumeno, yoki (kichwa cha kuchomekea) ya shafti mpya itacheza na kuyamaliza kabisa ndani ya msimu mmoja.

Pili klachi. Washa injini, gia iwe huru, PTO izunguke, kisha kanyaga klachi taratibu. Kama kuna hatua mbili, yaani nusu ya kwanza inaachia gia za kutembea na PTO inaendelea kuzunguka hadi ukanyage mpaka chini, una klachi mbili, na hiyo ndiyo inayofaa. Kama PTO inasimama pamoja na gia, una klachi moja. Bado unaweza kufanya kazi, lakini kwa tahadhari: ukikanyaga klachi ili usimame, uzito wa rotaveta inayozunguka unarudisha nguvu kwenye giaboksi na trekta linaendelea kusogea mbele kidogo. Mbele kukiwa na ukingo wa jaruba au ngema, hicho "kidogo" kinatosha. Tiba ni friwili ya PTO, inayofanya kazi sawa na friwili ya baiskeli. Inachomekwa kwenye shafti ya trekta, inapeleka nguvu nyuma na hairudishi mbele. Itarefusha shafti kwa takriban sentimita 10, hivyo ifungwe kabla ya kukata shafti, si baada.

Tatu, mkono wa PTO. MF 35 na 135 zina nafasi mbili za kuunganisha: moja inafuata injini, nyingine inafuata mwendo wa tairi. Ukiweka kwenye ya tairi, rotaveta inazunguka trekta likitembea tu, tena polepole mno. Rotaveta nyingi zimerudishwa dukani kwa "kukosa nguvu" kumbe mkono ulikuwa upande usio wake.

Nne, mizunguko yenyewe. Kwenye MF 135 nyingi, PTO inafika 540 injini ikiwa kwenye 1,700. Saa ya mizunguko ikiwa imekufa, kama zilivyo nyingi, piga alama ya chaki kwenye shafti ya PTO ikiwa tupu, simama pembeni, rekodi kwa simu video ya mwendo wa polepole na uhesabu. 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa sekunde, yaani 18 kwa sekunde mbili. Ukishaipata, weka alama ya rangi kwenye mkono wa moto, ule wa kuongeza mafuta. Dereva anayefungua moto wote hadi 2,250 anazungusha PTO zaidi ya 700, na hapo ndipo krosi (viungo vya shafti) na beringi za giaboksi zinapoanza kulia.

Mwendo: hapa ndipo trekta nyingi zinapofeli

Mkono wa moto ukiwa kwenye alama ya 540, gia ya kwanza ya chini, pima mita 20 shambani. Sekunde 36 ni kilomita 2 kwa saa, sekunde 24 ni kilomita 3, sekunde 18 ni kilomita 4. Unachotaka ni kati ya 2 na 3.

Sababu yake iko kwenye visu. Rotaveta ya kawaida inazungusha mhimili wake kama mara 200 kwa dakika, na kila sahani ina visu 6, vitatu vikitazama kushoto na vitatu kulia. Kila mstari wa udongo basi unapigwa mara 600 kwa dakika. Kwa kilomita 3 kwa saa kila kisu kinakata kipande cha sentimita 8 hivi. Kwa kilomita 4 kinakata 11. Kipande kinene kinataka nguvu nyingi kwa mpigo, na kinatoka bonge. Trekta ambalo gia yake ya chini inakwenda kilomita 4 kwenye 540 litakusumbua hata likiwa na HP za kutosha. Usilitibu kwa kupunguza mafuta, maana visu navyo vinapungua kasi na kipande kinabaki kilekile. Hapo nunua upana mdogo zaidi, au rotaveta yenye gia za kubadilisha nyuma ya giaboksi, uweke pea inayozungusha mhimili haraka zaidi na ukubali kina kifupi.

Kwa MF zenye Multi-Power, mkono wa kubadilisha mwendo juu na chini bila klachi, kuna angalizo la mteremko: mkono ukiwa chini, injini haishikilii trekta linaposhuka. Kwenye miinuko ya Umalila au Kilolo, kabla ya kushuka na rotaveta imeinuliwa, weka mkono juu.

Upana na nyayo za tairi

Rotaveta inatakiwa kufuta alama ya tairi angalau upande mmoja. Tairi za nyuma za MF 135 zinasogezwa hatua ya sentimita 10 kuanzia takriban sentimita 122 kati kwa kati. Zikiwa hapo, na tairi ya 11-28, kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje ni kama sentimita 152. Rotaveta ya 125 ikikaa katikati inaacha sentimita 13 kila upande, alama mbili zisizofutika. Kwa hiyo isogeze kulia mpaka ukingo wake wa kulia ulingane na ukingo wa nje wa tairi. Vishikio vya chini vya rotaveta vingi vina bolti za kusogeza kwa kazi hiyo. Shafti itakaa mshazari kidogo. Sentimita 13 haina madhara, 25 inayo.

Ukishaisogeza kulia, sehemu iliyolimwa iwe daima mkono wako wa kulia. Anzia pembeni mwa shamba, zunguka kinyume cha saa, kata kona za kushoto kuelekea katikati. Alama ya tairi ya kushoto inafutwa na njia inayofuata. Ukizunguka kufuata saa utabaki unakanyaga ulichokilima.

Tairi zilizotanuliwa kwa ajili ya kupalilia matuta ya viazi zirudishwe ndani kwanza. Ni kazi ya asubuhi moja kwa watu wawili na jeki nzuri.

Kufunga

Pini za chini za MF 135 ni milimita 22, ya toplinki (mkono wa juu wa kufungia) ni 19. Rotaveta nyingi za mita 1.5 na zaidi huja na pini za 28 na 25. Pini zinabadilishwa, kwa hiyo nunua za 22. Usimruhusu fundi atoboe macho ya mikono yawe makubwa, kwani hayarudi. Ikiwa ni kinyume, mikono ya 28 na pini za 22, weka bushi. Minyororo ya pembeni ikazwe, iache mchezo wa sentimita 2 tu, maana rotaveta iliyosogezwa pembeni inavuta upande mmoja na boksi lake la kando linaweza kugusa tairi.

Shafti ndiyo inayoharibiwa zaidi, kwa sababu inakuja ndefu na mtu anaona uchungu kuikata. Shafti ndefu, rotaveta ikiinuliwa, inafika mwisho na kusukuma beringi ya PTO mbele na ya giaboksi nyuma. Oili ikianza kuvuja nyuma ya trekta wiki ya pili, mara nyingi ni hiyo.

1. Funga rotaveta bila shafti. Inua na shusha taratibu, ukitafuta mahali ncha mbili zinapokaribiana zaidi. Mara nyingi ni pale zinapolingana mstari mmoja. Zima injini.
2. Tenganisha vipande viwili vya shafti, chomeka kimoja kwenye trekta na kingine kwenye rotaveta, vishike sambamba.
3. Weka alama ili kila kipande kiishie sentimita 3 kabla ya kufika mwisho wa kingine.
4. Kata urefu sawa pande zote mbili: bomba la ndani, la nje, na plastiki za kinga. Piga tupa kingo, futa chenga, paka grisi.
5. Unganisha yoki zikitazama upande mmoja. Zikipishana, shafti itatetema hata ikiwa mpya.
6. Rotaveta ikiwa kwenye kina cha kazi, mabomba yabaki yameingiliana angalau theluthi ya urefu wake.

Kisha weka pima maji juu ya giaboksi ya rotaveta na urekebishe toplinki mpaka shafti yake ilale sawa na ya PTO wakati wa kazi. Pembe ya krosi ikipita nyuzi 20 hivi, krosi inakula. Mikono ya MF inainua juu sana, kwa hiyo weka kizuizi kwenye mkono wa hidroliki ili rotaveta iishie sentimita 25 hadi 30 juu ya ardhi. Ukitaka kuinua zaidi kwa safari ya barabarani, tenga PTO kwanza.

Rotaveta hii inatumia mkono wa kudhibiti kimo, si ule wa kuhisi mvuto. Kwenye MF, mkono wa mvuto ukae juu kabisa, na kina kishikwe na viatu vya pembeni. Ukiacha mvuto ufanye kazi, itapanda na kushuka shambani kama mtumbwi.

Angalia oili kabla ya kuwasha. Rotaveta nyingine hutoka dukani giaboksi kavu. Ni SAE 90 hadi tundu la kipimo, na boksi la kando lina tundu lake. Nyuma ikielemea na usukani ukawa mwepesi mlimani, funga vyuma vya kilo 80 hadi 100 mbele kwa bolti. Viroba vya mchanga vilivyofungwa kwa kamba vinaanguka mahali pabaya.

Saa ya kwanza shambani

Chukua konzi ya udongo wa kina cha sentimita 10, uviringishe viganjani. Ukitoka uzi kama kamba, ni mbichi. Visu vitaupaka lami chini na kuacha tabaka gumu. Ukivunjika kwa kidole, ingia.

Zungusha PTO kwanza rotaveta ikiwa juu, anza kutembea, ndipo ushushe taratibu. Kuidondosha ikiwa imesimama, kisha kuunganisha, ndiko kunakokata bolti ya usalama, ile inayokatika ili kulinda giaboksi. Usikate kona visu vikiwa ardhini. Kwenye ardhi ngumu isiyolimwa, visu vinasukuma trekta mbele badala ya kuchimba, na trekta linaruka. Hapo pita na plau kwanza au gawa kina mara mbili, sentimita 5 kisha 10.

Baada ya saa moja simamisha, zima, kaza bolti zote za visu. Zitakuwa zimelegea. Bati la nyuma likishushwa udongo unakuwa laini, likiinuliwa unabaki na vibonge. Kwenye miteremko ya Uporoto acha vibonge na upite mara moja tu, kufuata kontua; udongo wa volkano uliosagwa kama unga unaondoka na mvua ya kwanza ya Novemba. Ulaini uache kwa majaruba na vitalu vya mboga.

Kinga ya plastiki ya shafti isitolewe. Mizunguko 9 kwa sekunde inakunja kanga au koti kabla mwenye nalo hajapiga kelele. Nyasi na waya zitolewe injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwa anayetoa.

Ikigoma

Visu vinapungua kasi lakini mlio wa injini haubadiliki: klachi ya PTO au ile ya kuteleza kwenye shafti inateleza. Pitisha mstari wa chaki kwenye sahani za klachi ya shafti. Mstari ukivunjika ni hiyo, ukibaki mzima ni klachi ya trekta.

Mlio wa injini nao unashuka: umezidi kina au mwendo. Inua sentimita 2 kabla ya kugusa kitu kingine.

Mtetemo wa "du-du-du" unaofuata mzunguko: kisu kimekatika, au visu vimefungwa bila kufuata mpangilio wa kuzunguka, hivyo viwili vinapiga kwa pamoja. Piga picha ya mhimili siku ya kwanza, uvirudishe kama vilivyokuwa.

Bolti ya usalama inakatika kila mara: kuna jiwe, kisiki, au inashushwa kwa kishindo. Weka bolti ya daraja lile lile lililoandikwa kichwani, mara nyingi 8.8. Ukiweka kipande cha nondo na kisikatike, kitakachokatika ni pinioni (gia ndogo) ya giaboksi.

Maji yanachemka: fagia neti ya rejeta. Kwa mwendo huu upepo wa nyuma unalirudishia trekta vumbi lake lenyewe, kwa hiyo mchana wa kiangazi neti inataka kusafishwa mara mbili.

Msimu ukiisha mwezi Mei, osha, paka visu oili chakavu, na legeza springi za klachi ya kuteleza. Ikikaa imebanwa hadi Novemba sahani zinashikana kwa kutu na inakuwa sawa na shafti isiyo na klachi. Kabla ya kazi, kaza springi nusu, shusha visu vishike ardhi, ziache sahani ziteleze sekunde mbili au tatu mpaka zitoe moshi kidogo, kisha rudisha springi kwenye urefu ulioupima kabla ya kuzilegeza.